Kabla Hujang'oa Nozeli za Gari Lako

Gari la petroli likianza kumisi, likakosa sailensa (mngurumo uliotulia usipokanyaga mafuta) au likala mafuta kuliko kawaida yake, neno la kwanza utakalosikia gereji siku hizi ni nozeli. "Zimeziba hizi, bosi. Tuzing'oe tukazisafishe, au ukanunue nyingine." Mwenye gari, ambaye hana cha kumjibu fundi, hutoa pesa. Jioni analichukua gari lake, na baada ya wiki tabia ni ile ile, ila sasa kuna na harufu ya petroli.

Makala haya ni ya mwenye gari huyo, hasa yule mwenye Corolla 110, Carina Ti, Spacio ya kwanza au dada zao, magari yaliyozunguka Japani miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Injini zake ni za ukoo mmoja, 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, na nozeli zake ni miongoni mwa vifaa imara kabisa vilivyomo chini ya boneti. Ninaamini nozeli halisi iliyokuja na gari, hata ikiwa na umri wa miaka ishirini na zaidi, mara nyingi inastahili kusafishwa na kuvalishwa raba mpya, wala haistahili kutupwa. Ninaamini pia kwamba haistahili kuguswa kabisa mpaka ithibitike kwamba kosa ni lake.

Kwanza tuelewane mipaka. Ninayoyasema yanahusu injini zinazomwaga petroli kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu. Kama gari lako limeandikwa D-4 au GDI, petroli yake inaingia moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa mno, na nozeli zake zinataka vifaa maalumu vya kuzitoa. Dizeli za kisasa za komoni reli ndiyo kabisa: humo presha inapita baa 1,000, na mchirizi mwembamba wa mafuta kwa presha hiyo hupenya ngozi ya mtu. Magari hayo mpelekee fundi wa mfumo huo.

Kwenye Corolla yetu mambo ni mapole zaidi. Nozeli ni bomba dogo lenye koili ya umeme, sindano na springi. Pampu iliyo ndani ya tanki inasukuma petroli hadi kwenye reli ya mafuta, na regyuleta inaishikilia kwenye presha ya PSI 38 hadi 44 ukipima ukiwa umechomoa mpira wake wa vakyumu. Kontrolo boksi ikitoa amri, koili inavuta sindano, mafuta yanapuliziwa kama ukungu, kisha springi inafunga. Gari likiwa sailensa, tundu la nozeli linafunguka kwa sehemu chache tu za elfu moja ya sekunde. Ndiyo maana uchafu kidogo sana unatosha kuharibu mambo: ukungu unageuka mchirizi, na mchirizi hauungui vizuri.

Uchafu huo unatoka sehemu mbili. Wa kwanza unasafiri na mafuta: kutu ya tanki, maji, mchanga uliopita kwenye filta iliyosahauliwa. Huo unanaswa na kichujio kidogo kilicho kwenye mdomo wa juu wa nozeli, na kikijaa, mafuta yanapungua. Wa pili unajitengeneza kwenye ncha. Unapozima injini ya moto, joto linapanda na kukaa pale chini; tone la petroli lililobaki kwenye ncha linakauka na kuacha utando wa gundi ya kahawia. Gari linalosafiri mbali na kuzimwa mara moja kwa siku halipati shida hii sana. Teksi inayozimwa na kuwashwa kila baada ya kilomita mbili inaipata, na inaipata mapema.

Kuna na uchafu wa kununua. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli hayaungui sawasawa na yanaacha masizi. Ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta nchini Tanzania mwaka 2010, na ndiyo sababu ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa mwaka uliofuata, ili bei yake isimvutie mchakachuaji. Kenya nayo ilichukua hatua kama hiyo mwaka 2018. Kituo unachokiamini ni sehemu ya matengenezo ya gari lako, sawa na kubadilisha oili.

Sasa uchunguzi, na hapa naomba uwe mvumilivu, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Anza na plagi. Zifungue zote nne, uzipange kwa mfuatano wa silinda zake, uziangalie kwenye mwanga. Plagi nyeupe, kavu kama chokaa, inakuambia silinda yake inapata mafuta machache au hewa nyingi. Plagi nyeusi yenye masizi, au iliyolowa na kunuka petroli, inakuambia mafuta yamezidi au cheche hazipo. Moja ikiwa tofauti na wenzake watatu, umeshajua pa kutazama. Zote nne zikiwa sawa na mbaya, kosa haliko kwenye nozeli moja. Lipo kwenye kitu kinachozihudumia zote.

Halafu usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikiwa inanguruma. Waya za plagi zilizochoka utaziona zikitoa cheche za buluu kuelekea chuma. Kifuniko cha distribyuta chenye ufa nacho kinaleta misi ambayo fundi mwenye haraka ataiita nozeli. Sikiliza pia mipira ya vakyumu: ule mluzi mdogo wa hewa inayofyonzwa penye mpira uliopasuka unatosha kuvuruga sailensa ya gari zima.

Kisha chomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye regyuleta ya mafuta. Ukikuta petroli ndani yake, umemaliza uchunguzi. Kiwambo cha regyuleta kimetoboka, injini inanyonya petroli kupitia mpira huo, na moshi mweusi uliokuwa unalaumiwa nozeli una mwenyewe. Nimeona seti nzima za nozeli zikibadilishwa kwa kosa hili, na hakuna aliyekuwa amechukua nusu dakika kuchomoa mpira.

Pima presha. Fundi asiye na geji ya presha ya mafuta hana msingi wa kukuambia nozeli zimeziba, maana pampu iliyochoka na filta iliyojaa huleta dalili zile zile: gari linakosa nguvu mlimani, linajikwaa ukikanyaga mafuta ghafla. Presha ikiwa sawa, zima injini na uitazame geji. Katika dakika 5 isishuke chini ya PSI 21. Ikishuka, kuna kinachovuja: vali ya pampu, regyuleta, au nozeli. Gari ambalo asubuhi linawaka vizuri lakini likiwa la moto, umelizima dakika kumi dukani, linagoma kuwaka na kutoa moshi mweusi, hilo ndilo la kushuku kuwa lina nozeli inayodondosha.

Baada ya hayo ndipo uende kwenye nozeli zenyewe, na bado hujazing'oa. Injini ikiwa inanguruma, chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye mwili wa nozeli na mpini kwenye sikio, ukiwa mbali na feni na mikanda. Kila nozeli nzima inagonga kwa haraka na kwa sauti moja. Iliyo kimya haifanyi kazi; yenye mlio mzito, wa kuchelewa, imeganda. Chomoa soketi ya umeme moja moja: injini ikishuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, isiposhuka, umempata mvivu. Lakini mvivu anaweza kuwa plagi, au valvu isiyofunga, kwa hiyo pima na kompresheni kabla ya kutoa hukumu. Mwisho, injini ikiwa imezimwa, pima koili kwa multimita. Nozeli nyingi za Toyota za kizazi hiki husoma kati ya omu 13.4 na 14.2 zikiwa za baridi. Ya zamani zaidi inaweza kusoma omu 1 hadi 3 na ikawa nzima, kwa sababu gari lake lina rezista pembeni. Isiyosoma kitu imekatika koili, na kusafisha hakutaifufua.

Kama yote haya yanaelekeza kwenye nozeli, basi zing'oe.

Petroli inaua, na gereji zetu nyingi zimekaa vibaya kwa kazi hii: chini ya mwembe mmoja kuna anayechomelea bodi, mama ntilie na jiko lake la mkaa, na kijana anayevuta sigara huku akishika spana. Usikubali reli ya mafuta ifunguliwe mahali hapo. Hamisha gari, hata kama ni kwa kusukuma. Kazi ifanyike nje penye upepo, injini ikiwa imepoa kabisa, mtungi wa kuzimia moto wa poda ukiwa umewekwa chini karibu na mkono, siyo umefungwa kwenye buti. Vaa miwani. Ukiona fundi anacheka habari ya mtungi, tafuta fundi mwingine.

Presha itolewe kwanza. Chomoa soketi ya pampu ya mafuta au rilei yake, washa injini, iache ijizimie yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha jaribu kuwasha tena mara moja au mbili. Fungua kifuniko cha tanki. Ondoa waya wa hasi wa betri. Hata hivyo kutabaki petroli kidogo ndani ya reli, basi funika kiungo kwa kitambaa kabla ya kulegeza boliti ya bomba la kuingizia mafuta, na uilegeze polepole. Boliti hiyo ina washa mbili za shaba, moja kila upande. Zitupe. Washa ya shaba ikishabanwa mara moja imekwisha kazi yake, na kuirudisha ndiyo njia ya mkato ya kulowesha injini ya moto kwa petroli.

Kabla ya kung'oa, puliza vumbi kwa hewa ya kompresa kuzunguka mashimo ya nozeli. Mwenye gari la Dodoma au Turkana ajue kwamba pale kumekusanyika mchanga wa miaka, na nozeli ikitoka, mchanga huo unadondoka kwenye njia inayoelekea kwenye valvu. Piga picha za simu za kila waya na kila mpira. Andika namba kwenye soketi na kwenye nozeli kwa utepe wa karatasi, silinda ya 1 hadi ya 4, ili ukikuta nozeli mbaya ujue plagi ipi ilikuwa inakuambia ukweli.

Soketi za umeme zitakujaribu. Plastiki iliyopikwa na joto miaka yote hiyo inakatika kama biskuti, kwa hiyo bonyeza kishikizo mpaka kiachie, vuta mwili wa soketi, usivute waya kamwe. Zile zenye kipini cha waya, kitoe kwa ncha ya bisibisi ndogo huku kidole kikiwa kimekilinda. Kikiruka, kitaishia mahali usipopafikia.

Reli ikishafunguliwa boliti zake, inuliwe kwa mikono miwili, sawasawa, ikiwa na nozeli zake. Zikigoma, zizungushe kushoto na kulia kwa mkono, tia mafuta kidogo ya kulegeza kutu, subiri. Hakuna ruhusa ya kuingiza bisibisi kubwa na kuzibinua kwa kuegemeza kwenye aluminiamu. Mashimo yakibaki wazi, yazibe kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi, na vihesabu.

Chunguza chini ya kila shimo. Mara nyingi ile pete nene ya raba inayokaa chini ya nozeli hubaki mle, imekauka, imeshika rangi ya injini, na fundi mwenye haraka huweka mpya juu yake. Nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa, oringi ya juu haishiki vizuri ndani ya reli, na gari linatoka gereji likivuja kuliko lilivyoingia. Pete nne za zamani zitoke zote nne, uzione kwa macho.

Kusafisha ni kazi ya mashine. Najua kuna vijana wanaofunga nozeli kwenye bomba la sindano, wakapuliza dawa ya kabureta huku wakigusisha waya za betri ya gari. Cheche na mvuke wa dawa ile viko mkono mmoja, na koili ya omu 2 ikiunganishwa moja kwa moja na volti 12 inaungua. Tafuta karakana yenye mashine ya vioo vya kupimia pamoja na beseni la mawimbi ya sauti, na kaa pale kazi ikifanyika. Usione haya kuomba hivyo. Fundi anayejua kazi yake hufurahi kuonyesha.

Cha kwanza kutazama ni kipimo kabla ya kusafisha. Nozeli nne zikifungwa kwenye mashine na kuendeshwa kwa pamoja, kila moja inajaza kioo chake. Zikilingana, na ukungu wa kila moja ukiwa koni nzuri iliyo sawa pande zote, hazikuwa na tatizo, na una haki ya kurudi kwenye plagi na presha. Moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hapo kuna kazi. Baadaye mashine isimamishe nozeli huku presha ikiwa imepanda: zisidondoshe. Toyota inavumilia tone moja kwa dakika, si zaidi.

Vile vichujio vidogo vya juu vitolewe kabla ya kuzama kwenye beseni, vinginevyo uchafu uliomo unasukumwa ndani zaidi. Vinatolewa kwa skrubu nyembamba inayozungushwa ndani yake na kuvutwa, na vikishatoka havirudi, unaweka vipya. Ndani ya beseni ni ncha tu inayozama, wala si soketi ya umeme, na nozeli iwe inafunguka na kufunga wakati mawimbi yanafanya kazi, la sivyo unasafisha nje peke yake. Kisha zipimwe tena. Namba za kabla na za baada ndizo unazozilipia, ziandike.

Itakayokataa hata baada ya kusafishwa mara ya pili, ibadilishe. Hapa nina msimamo. Kwenye maduka ya Gerezani kule Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi utakuta nozeli "mpya" kwenye boksi linalong'aa, kwa bei inayoshawishi. Kama hujui muuzaji anazipata wapi, chukua nozeli halisi ya mtumba, ya Denso, yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye zako, ipimwe kwenye mashine kabla hujailipia. Nozeli ya mtumba iliyopimwa ina thamani kuliko mpya isiyojulikana. Na usichanganye namba: mbili zinaweza kufanana umbo hadi soketi, lakini moja ikamwaga zaidi.

Raba ndiyo roho ya kazi yote. Kila nozeli inapata oringi mpya ya juu, gromet yake, na pete ya chini. Ziwe raba za petroli; aina ya Vaitoni ndiyo bora. Oringi ya bomba la maji inafanana nayo kabisa machoni, inabana vizuri siku ya kwanza, na petroli inaivimbisha na kuipasua baadaye, juu ya injini ya moto. Nunua seti inayouzwa kwa ajili ya nozeli za injini yako, usiokote kwenye kopo la fundi. Unapozivalisha, zilainishe kwa petroli safi. Oili ya injini, oili ya giaboksi na mafuta ya breki haviruhusiwi hapo, na maelekezo ya Toyota yanasema hivyo waziwazi.

Sukuma kila nozeli ndani ya reli huku ukiizungusha kidogo, kisha teremsha reli kwenye injini kwa usawa. Kabla ya kubana boliti, shika kila nozeli kwa vidole uizungushe. Inatakiwa izunguke kwa ulaini. Isipozunguka, oringi imejikunja. Itoe, tazama, weka nyingine. Usijidanganye kwamba itajikalia ikibanwa. Ikishazunguka, elekeza soketi yake nje, bana boliti kwa zamu, weka washa mpya za shaba, rudisha waya na mipira kwa kufuata picha zako.

Usiwashe injini bado. Rudisha betri, washa swichi, na uifanye pampu ijaze reli. Kwenye magari haya kuna kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti. Ukiunganisha tundu la FP na la +B kwa kipande cha waya, pampu inazunguka injini ikiwa imezimwa. Mtu mmoja abane kwa upole mpira wa kurudishia mafuta, bila kuukunja, ili presha ipande juu ya kawaida. Mwingine apite na tochi kwenye kila nozeli na kila kiungo, na kidole kikavu chini yake. Unyevu wowote, hata kama ni wa kufikirika, maana yake ni kufungua na kurudia. Viungo vikiwa vikavu, toa waya wa kiboksi, kisha washa.

Sailensa inaweza kuyumba dakika chache kwa sababu betri ilitolewa. Iache injini ipate joto. Kama nozeli ilikuwa inadondosha, badilisha oili ya injini siku hiyo hiyo, kwa kuwa petroli iliyopenya kwenye oili imeifanya nyepesi na inakula beringi. Weka filta mpya ya mafuta. Kuhusu zile chupa za dawa za kutia kwenye tanki, zenye ubora husaidia utando mwepesi wa kwenye ncha, lakini hazifungui kichujio kilichojaa kutu wala haziponyi raba iliyopasuka.

Asubuhi inayofuata, injini ikiwa ya baridi, fungua boneti kabla ya kuwasha, unuse na utazame tena, kwa sababu raba nyingine huvuja zikiwa za baridi tu. Na siku yoyote ukisikia harufu ya petroli ukiwa barabarani, simama, zima gari, teremsha abiria wote, na usiliwashe tena mpaka uone inapotoka.